Chupa Iliyoanguka Yenyewe

Persis Gesare aliporudi nyumbani kutoka Sotik, mwishoni mwa mwaka wa sitini na tatu, mumewe Machogu alimngojea njia panda akiwa na toroli. Alikuwa ameliazima kwa jirani, kwa sababu Persis alituma habari kwamba memsabu, mke wa mzungu mwenye shamba la chai, ambaye Persis alimpikia kwa miaka minane, anarudi kwao Uingereza na amempa zawadi nzito ya kuagana. Machogu alikuwa seremala, mtu wa kupima kabla ya kukata, lakini safari hii alikata kwanza. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshawaambia watu watatu kwamba zawadi ni cherehani.

Persis alishuka na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa.

Haikuwa chupa ya kawaida, hilo lazima lisemwe. Ilikuwa nene kama paja la mtoto aliyeshiba, imevikwa wavu wa chuma toka shingoni hadi kitakoni, na juu ilikuwa na kichwa cha chuma chenye mkono wa kubonyeza na mdomo kama wa bata. Unaijaza maji, unakaza kidonge cha chuma chenye gesi pale kichwani, unasikia mlio wa fyuu, na maji yale yale ya kisima yanatoka yakitokota bila moto.

"Ni ya kutengenezea soda nyumbani," Persis alieleza.

Machogu aliitazama chupa, kisha akalitazama toroli. "Mama Bitutu," akasema polepole, akimwita kwa jina la binti yao, "inashona?"

Waliisukuma kwenye toroli hivyo hivyo mpaka kwao, ng'ambo ya mto kutoka soko la Nyamira, kwa kuwa Machogu hakutaka kuonekana akirudi na toroli tupu.

Kwa mwaka mzima nyumba yao haikukosa wageni. Watu walipanda kilima kuja kuona maji yanayochemka yakiwa baridi. Persis aliyatia sukari na maji ya ndimu, akawapa katika vikombe vya bati, naye akafurahia kuwatazama wakipiga chafya kwa gesi iliyowapanda puani. Lakini vidonge vilikuwa boksi mbili tu, na vilipokwisha alishuka Kisii mjini akaenda duka baada ya duka akiulizia vingine. Mwenye duka mmoja alimwambia kwamba hata yeye aliviona mara ya mwisho wakati wazungu walipokuwa bado wanacheza tenisi.

Mtu mwingine angeiweka chupa kabatini iwe pambo. Persis naye aliiweka kabatini, ila hakuishia hapo. Katika jiko lile la Sotik alikuwa amejifunza jambo la pili, ambalo halikuhitaji kidonge wala kichwa cha chuma. Unakwaruza tangawizi, unatia sukari, ndimu, maji yaliyochemshwa yakapoa, na hamira kidogo ya kushika kwa ncha ya kidole. Unaziba, unangoja siku tatu. Hamira inafanya kazi ya kidonge.

Alikosa chupa tu. Siku hizo soda ya dukani ilinywewa palepale dukani. Chupa ilikuwa mali ya kampuni, na mwenye duka alikusimamia kama askari wa jela. Ukifika funda la mwisho, mkono wake tayari umenyooshwa. Mama mwenye mgonjwa nyumbani hakuweza kumpelekea soda mpaka kwanza apate chupa tupu ya kuacha. Basi Persis akatunga sheria yake, na hakuivunja maisha yake yote: njoo na chupa yako.

Watu wakaja na walizonazo. Wengine walileta chupa za dawa ya kikohozi, wengine za sosi, na katekista mmoja alileta chupa ambayo hakutaka kusema ilikuwa na nini zamani. Machogu akachonga vizibo vya mti mwororo, akavifunga kwa kamba, na moyoni akaanza kuisamehe ile cherehani ambayo haikuja.

Shida ilikuwa kwamba chupa ya kioo haina adabu. Haisemi kama imeshiba. Inakaa kimya rafuni kama mtu mpole, halafu inapasuka. Kuku waliacha kutaga. Machogu alihamisha kiti chake kutoka ukuta wa jikoni hadi ukuta wa mbali, kisha akakihamishia nje.

Sabato moja mchana, mzee wa kanisa Nyamongo alifika na mkewe Orpah. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia na maneno ya kupimwa.

"Dada Persis," alianza, "kuna maneno yanayosemwa kanisani, kwamba katika nyumba hii kuna kinywaji ambacho—"

Chupa ikapasuka jikoni, na kizibo cha chupa iliyokuwa kando yake kikafyatuka kwa mshtuko. Kilipita mlangoni, katikati ya mzee na mkewe, kikagonga bati la choo huko nje. Mzee Nyamongo hakupiga kelele. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kinywaji kinachopiga risasi siku ya Sabato," akasema, "hakiwezi kuwa chai."

Persis aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Alikwenda amevaa gauni lake la kijani, na ndani ya kikapu amebeba mkate. Walipomuuliza kama ni kweli anatia hamira, kitu kinachochachusha pombe, alikubali, akaukata mkate, akawagawia. Walipokuwa wakitafuna aliwaambia kwamba hamira iliyo ndani ya mkate huo imetoka kwenye kopo lile lile.

"Mkate haupasuki," mzee mmoja akajibu, mdomo umejaa.

Hapo walikwama. Hatimaye Mzee Nyamongo, ambaye alikuwa mkali lakini hakuwa mdhalimu, akasema njia ni moja tu. Yeye mwenyewe, ambaye hajaonja pombe tangu abatizwe, atakunywa vikombe vinne mbele ya mashahidi. Halafu atavuka mto juu ya gogo, na akifika ng'ambo atataja manabii wadogo kumi na wawili kwa mpangilio wao. Akiteleza mguu au ulimi, Persis amwage.

Siku hiyo watu waliacha kuchuma chai. Mzee alikunywa vikombe vinne bila kuonyesha dalili ya kufurahia, ingawa waliokuwa karibu walisema cha nne alikishika kwa mikono miwili. Alivuka gogo wima kama nguzo ya simu. Akasimama ng'ambo, akaanza: Hosea, Yoeli, Amosi, Obadia, Yona, Mika, Nahumu. Akakwama. Alikunja uso, akaanza upya kutoka kwa Hosea, akafika kwa Nahumu, akakwama tena.

Baraza likatazamana.

"Msimhukumu mama wa watu," Orpah akasema kutoka nyuma, akiwa na sauti ya mtu aliyevumilia mengi. "Habakuki amemshinda tangu tuoane. Hata kwenye mtihani wa ubatizo alimruka."

Kicheko kilichofuata kilimfanya mzee mwenyewe atabasamu huko alikosimama. Hukumu ilisomwa juma lililofuata: tangawizi ya Persis ni halali, ila vizibo visifyatuke siku ya Sabato. Namna ya kuvizuia, baraza halikusema.

Jibu lilikuja miaka kadhaa baadaye, tena kutoka kwenye takataka.

Miaka ya sabini ilipoanza, maduka ya Nyamira yalianza kuuza sharubati ya machungwa na sabuni ya maji katika chupa za plastiki. Hizi hakuna aliyezidai. Mwanzoni watu walizitunza. Walizitia mafuta ya taa, mbegu, maji ya kwendea shambani. Halafu zikazidi. Zikatupwa kwenye mtaro nyuma ya soko, zikachomwa zikatoa moshi wa kukohoza ng'ombe, na kila mvua kubwa iliponyesha mto uliziteremsha hadi kwenye migomba ya Machogu. Persis aliziokota huku akinung'unika. Chupa isiyo na mwenyewe, alisema, ni kama mgeni asiyetaja kwao.

Ndipo Zilpa Akong'o, mama yake Ouko, akaja. Alikuwa mke wa karani wa ofisi ya tarafa, mwenyeji wa kule ziwani, na kwa kuwa hakujua Ekegusii wala Persis hakujua Kijaluo, walielewana kwa Kiswahili cha kuokoteza kila mmoja na chake. Siku hiyo alileta chupa ya plastiki.

"Mama Ouko, hii ni nguo au ni chupa?" Persis aliuliza, akiibonyeza. "Tangawizi itaipasua kama pulizo."

"Mama Bitutu, wewe ulisema kila mtu alete yake. Yangu ndiyo hii."

Sheria ni sheria. Persis aliijaza, akaifunga kwa kifuniko chake cha kuzungusha, akaisimamisha rafuni kati ya za kioo, mbali kidogo na sahani zake nzuri.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikuwa akimenya ndizi aliposikia kishindo kidogo jikoni. Aliinama kwanza, kwa mazoea. Hakuna kioo kilicholia. Alipochungulia, aliona chupa ya Zilpa imelala. Aliisimamisha, ikaanguka. Akaisimamisha tena, ikaanguka tena, kwa sababu kitako chake kilikuwa kimevimba kikawa duara kama tumbo la chura. Aliibonyeza, ilikuwa ngumu kama goti. Akafungua. Ikatoa ile fyuu ya Sotik, akaonja, na ilikuwa imeiva sawasawa, haijazidi wala kupungua. Akafungua chupa ya kioo iliyokuwa kando yake, iliyotiwa siku ile ile. Nayo ilikuwa imeiva.

Persis akaketi juu ya kinu. Miaka yote hiyo alikuwa akikisia, na kumbe alihitaji chupa moja tu yenye kusema ukweli.

Tangu siku hiyo, katika kila mkupuo aliweka chupa moja ya plastiki katikati ya zile za kioo. Ikianguka, zote zinafunguliwa kidogo zipumue. Vizibo vikatulia. Baada ya mwezi Machogu alirudisha kiti chake ndani, na baada ya miezi mitatu akakirudisha ukuta wa jikoni.

Kisha Persis akataka plastiki nyingi zaidi. Za kwanza aliziua mwenyewe: alizimwagia maji ya moto kama alivyozoea kuosha kioo, zikajikunja mbele ya macho yake kama majani ya maboga jikoni. Alijifunza kutumia maji vuguvugu na mchanga laini wa mtoni, zile za sabuni akaziacha, akachukua za sharubati tu. Aliwaambia wanawake wa sokoni walete chupa ile waliyoitupa jana. Walimcheka, wakaenda, wakazileta. Machogu alifunga uzi wa rangi shingoni mwa kila moja, nyekundu kwa mji huu, samawati kwa ule, na chupa moja ikaweza kwenda na kurudi mwaka mzima mpaka ipate ufa. Mtaro nyuma ya soko ukaanza kupitisha maji tena. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuusafisha. Walitaka tangawizi.

Mwaka wa sabini na saba Bitutu, binti yao wa kwanza, aliolewa na Ondieki, mwalimu kutoka Nyamache. Persis alituma habari kwa wakwe kwamba kila mgeni aje na chupa yake.

"Hilo ni tusi," Machogu alimwambia. "Mkwe anaambiwaje abebe chombo? Watadhani tumekosa vikombe."

"Watadhani hivyo mpaka waonje."

Machogu hakulala vizuri juma zima. Siku ya harusi wakwe walitokea kwenye kona wakiimba, na mbele yao alikuwa Makori, baba mkubwa wa bwana harusi, akiwaongoza wanawake wanne waliobeba mtungi wa plastiki wa lita ishirini kama wanaobeba mgonjwa. Wakautua mbele ya Persis. Nyimbo zikakoma.

"Mama Bitutu," Makori akasema kwa heshima zote, "tumeambiwa kila mgeni aje na chupa yake. Sisi ni ukoo mmoja. Tumeleta moja."

Persis alicheka mpaka Zilpa akaja kumshika mkono. Akaujaza, ukameza karibu nusu ya alichotengeneza, akawaonya wasikaze kifuniko. Onyo halikuwa na haja. Ukoo ule uliumaliza kabla hotuba ya tatu haijaanza.

Katikati ya hotuba ya nne mama yake Ondieki alimnong'oneza Persis kitu, naye, ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu vipimo vyake vya tangawizi, akainuka akamshika mkono wakaondoka. Bitutu alizunguka boma zima na gauni lake jeupe akiwatafuta, maana picha ilikuwa inataka kupigwa. Aliwakuta jikoni, mama zake wawili, wamekaa sakafuni na nguo zao za harusi, wanakwaruza tangawizi na kusengenya wazee.

"Picha ingoje," Persis akamwambia. "Kaa hapa, ushike ndimu."