Ugonjwa wa Finjani

Wenzangu, nichekeni polepole. Tangu wazee wetu wafariki, wadogo zangu hula kwa mshahara wangu. Niliacha skuli Unguja, nikaja huku Ibra, Omani, nikapata kazi ya kuhudumia chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini.

Daktari mgeni alikuwa akifanya utafiti wa mikono inayotetemeka. Mimi nikiwamiminia wagonjwa kahawa nikaona ajabu: kila mzee akirudisha finjani, mkono unatetemeka! Nikimjazia, anakunywa kwa adabu, anatetemeka tena. Nikamwambia daktari, "Ibra nzima inaumwa, na kahawa inazidisha." Akafurahi, akawaita wakubwa wake kutoka Maskati. Nikajiona nishapandishwa cheo.

Mbele yao nikammiminia mgonjwa mmoja, Bi Zuwena. Akanywa, akatikisa finjani. "Mnaona?" nikasema, nikamjazia.

"Mwanangu, wataka kuniua?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Huku ukitikisa finjani, maana yake basi, nimetosheka. Huko Unguja hawakukufunza?"

Mkubwa mmoja akamfasiria daktari huku akijifuta machozi ya kicheko. Daktari hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akaninyooshea finjani, akaitikisa.

Nami kwa woga nikamjazia.