Siku Papa Aliposema Trente à Zéro

Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zikiungua, hata leo inanirudisha utotoni. Wengine wakiisikia wanafikiri chakula. Mimi ninamuona Papa amesimama katika parsele yetu, ua wa nyumba mutaani Katoyi, kofia mukononi, na watu wote wanangoja afungue kinywa. Ngojeni niwaelezee vizuri, maana mukisikia rugby Goma mutasema ninawadanganya.

Lakini ilikuwako, ule mupira wa umbo la yai. Vijana wetu walikuwa wanaucheza kwenye kiwanja cha mawe ya volkano, na ukiangushwa pale, goti lako linabaki na alama mpaka uzeeni. Papa alikuwa nazo kwenye magoti yote mawili. Alipoacha kucheza akabaki shabiki, na mashabiki wenzake walikuwa wanakutana kwetu kila Kongo ilipokaribia kucheza na inchi ingine, kwa sababu Mama alikuwa anakaanga sambaza, na kwa sababu Papa hakuwa anakosea. Desturi yao ilikuwa hii: kila mutu anasimama, anatoa kofia, anatangaza kwa sauti pronostiki yake, nani atashinda. Muchezo ukiisha, waliokosea wanaokota mawe kiwanjani, na waliopata wanakaa juu ya ukuta kuwacheka. Papa alikuwa mutu wa ukuta. Sikumbuki kumuona ameinama. Na mimi nilijivuna, eh! Shuleni nilikuwa natembea kama vile pronostiki ilikuwa yangu.

Mara ile Kongo ilikuwa inaenda kucheza na Rwanda, ng'ambo ya mupaka.

Sisi ni watu wa Masisi, hukuhuku Kongo. Babu alichunga ng'ombe kule, na baba yake pia, na nyumbani tunasema Kinyarwanda. Siku zile vita vilikuwa vinasogea, redio hazinyamazi kuitaja Rwanda, na sokoni Mama alikuwa anateremusha sauti hata mbele ya yule mama wa viazi ambaye walizoea kucheka naye kwa Kinyarwanda. Nyumba moja ya jirani, watu wenye kusema kama sisi, ilikuwa imetupiwa mawe juu ya mabati. Niliyasikia yakianguka. Tangu hapo, hata parachichi ikidondoka juu ya paa letu, mimi nilikuwa naruka.

Asubuhi ya pronostiki nilimusikia Papa jikoni.

"Tutapigwa," alisema. "Mele yetu iko teketeke sana." Mele ni pale wanaume wanafunga mabega na kusukumana na wale wa upande wa pili.

Mama akaweka kisu chini. "Papa Neema, nakuomba. Leo usiseme ile kitu."

"Mi sijuagi kusema ingine."

"Basi ujifunze."

Papa akachukua kofia yake, akatoka. Nilitaka Papa aseme kweli, maana ndivyo nilivyomujua, na nilitaka paa letu libaki kimya, na sikuona namna ya kupata yote mawili.

Muchana mashabiki wakaja. Nilikuwa kwenye makaa pamoja na Mama, tukigeuza samaki. Wa kwanza kusimama alikuwa muzee Kambale, muuza maharagi kutoka Butembo, kule hawasemi Kinyarwanda, rafiki wa Papa. Mazoezi yote walikuwa wanayaangalia pamoja. Akatoa kofia.

"Rwanda itatupiga," akasema. "Mele yetu ni fufu ya maji."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Muzee, umezeeka! Tafuta gunia la mawe!" Ikaishia pale. Nikapumua. Kumbe inasemeka! Yalikuwa maneno ya Papa kabisa, na hakuna aliyekasirika.

Wengine wote wakasema Kongo. Ikafika zamu ya Papa, wa mwisho kama kawaida. Kabla hajatoa kofia, Bahati, kijana aliyejiunga nao karibuni, akasema huku anatafuna: "Weye, Papa Neema, yako tunaijua. Bale ba ng'ambo si ni bandugu zako?"

Walicheka, lakini kidogo. Kisha wakanyamaza wote, wakamuangalia. Mama aliacha kugeuza, sambaza zikaanza kuungua. Papa akaizungusha kofia yake mikononi.

"Kongo," akasema. "Trente à zéro."

Makelele! Thelathini kwa sifuri! Wakamupiga mabega, Bahati akamukumbatia. Muzee Kambale peke yake hakupiga makofi. Mama akazikumbuka sambaza, akazitoa haraka haraka, nusu nyeusi, wakazila hivyohivyo.

Mimi nilikasirika, siwafichi. Papa huyu huyu alinichapa kwa uwongo wa kijiko kimoja cha sukari! Jioni nikamuambia, "Ulisema tutapigwa."

"Lala, Neema," ndiyo yote niliyopata.

Paa letu lilibaki kimya. Muchezo ukafika, na tukapigwa vibaya.

Jumapili, baada ya kanisa, Papa akachukua gunia akaenda kiwanjani. Nikamufuata, nimenuna. Bahati na wenzake walikuwa wanaokota huku wanamulaumu mwamuzi. Juu ya ukuta hapakuwa na mutu. Muzee Kambale, ambaye peke yake alipata, alikuwa amekunja suruali yake ya kanisa na kuinama pembeni ya Papa.

"Muzee, weye ulishinda!" Bahati akamuita. "Unaokota nini?"

"Mawe," akajibu, akaendelea.

Nikafikiri uzee umemuchanganya. Nilikuwa mutoto. Niliendelea kufikiri hivyo mpaka nilipokuwa mukubwa na kuanza, mimi pia, kupima kila neno kabla ya kufungua kinywa mbele ya watu. Maneno yaleyale, kinywani mwa muzee Kambale yalikuwa kichekesho. Kinywani mwa Papa yangetuletea mawe juu ya mabati. Papa alilijua hilo. Muzee Kambale naye alilijua, tangu aliposikia trente à zéro kutoka kwa mutu aliyemuambia kinyume kiwanjani, wakati wa mazoezi. Sijui kama waliwahi kulisema kati yao. Nakumbuka tu kwamba Papa alimusogezea mudomo wa gunia bila kumuangalia, na muzee Kambale akatia jiwe lake ndani.