Gunia la Mchanga Chini ya Ngazi

Saa nne kasorobo asubuhi, na machela imeshavuka mlango wa wodi ya wazazi. Mbele ameishika kijana mwenye shingo nene ambaye hospitali nzima inamwita Bondia. Nyuma, upande wa miguu ya mgonjwa, yupo mwanamume mfupi wa miaka hamsini na mitatu, kofia ya sufu kaivuta hadi kwenye nyusi. Huyu wanamwita Lifti.

"Kichwa juu, miguu chini, mdomo wazi," anamwambia mama aliyelala kwenye turubai. "Piga kelele upendavyo, mwanangu. Masikio yangu yameshazoea, nina mke nyumbani."

Mama anataka kucheka, uchungu unamkatisha. Mtoto amekaa mkingamo tangu alfajiri na hataki kugeuka. Mumewe anafuata nyuma, mkono mmoja kainua chupa ya dripu, mwingine kashika kandambili za mkewe. Hakuna aliyemwambia azibebe. Amezishika tu, kazibana kifuani kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Lifti yenyewe, ile ya chuma, ipo mkono wa kushoto. Milango yake imekwama nusu, na ndani wafagizi wamepanga ndoo na matambara. Ilikufa miezi kumi na minne iliyopita. Wodi ya wazazi iko chini, chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya tatu, na kati ya hapo kuna vipandio sitini na sita.

Anayebeba nyuma ndiye anayeumia. Wakati wa kupanda uzito wote humrudia yeye, na lazima ainue mikono ya machela hadi mabegani ili mgonjwa asiteleze. Bondia ameomba mara nyingi wabadilishane. Anafukuzwa kama kuku jikoni.

"Wa nyuma ndiye anayeuona uso," anasema Lifti. "Nikiona midomo inabadilika rangi, naongeza mwendo. Wa mbele anaona nini? Anaona ukuta."

Ngazi zinakata kona mara tano kabla ya kufika juu, na kila kona kaipa jina.

"Sokoni!" anaita kwenye kona ya kwanza, huku anahema. "Wa kushuka Sokoni ashuke, sisi twende."

Inafuata Posta. Inafuata Shuleni, kisha Benki. Mama mwenye uchungu hana habari na ghorofa, Lifti anaeleza baadaye, lakini akiambiwa ameshapita Posta anapata moyo, anaona kama safari ina mwisho. Wengine hata humjibu. Huyu wa leo, walipofika Benki, amesema kwa sauti ya kukwaruza, "Mimi sina akaunti," na mumewe nusura aangushe dripu kwa kicheko.

Kwenye kona ya tano, vipandio kumi na kimoja kutoka mlango wa upasuaji, Lifti haiti kitu. Wanapita bila kupumzika, wote wawili macho chini.

*

Saa sita na dakika kumi habari inashuka na mfagizi wa ghorofa ya tatu: mtoto wa kike, mama yuko salama. Lifti anaipokea akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya ngazi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa. Goti la kulia limevimba mara mbili ya mwenzake. Analifunga bandeji, anashusha suruali, anasimama kama hakuna kitu.

"Usiandike sana habari za goti," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Wakijua rasmi watanipeleka getini nikafungue na kufunga. Halafu nani abebe?"

Ukweli ni kwamba wanajua. Daktari wa upasuaji mwenyewe alimpa bandeji hiyo, akamwambia, "Mimi sijaona kitu, Mzee," akaenda zake.

Aliajiriwa hospitalini hapa miaka kumi na tisa iliyopita kufagia uwanja. Baadaye akakabidhiwa lifti, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ikawa kubonyeza namba. Anaizungumzia kazi hiyo kama wengine wanavyozungumzia ujana wao.

"Nilikuwa nanenepa, bwana! Nilikuwa na kiti, nina redio. Na ndani ya lifti watu wanasahau kama upo. Nilijua nani anaachana na nani kabla mahakama haijajua. Nilijua mgonjwa gani anatembelewa na wake wawili, na nikawa napanga wasikutane. Huyu namshusha, yule namchelewesha."

Lifti ilipokufa, jina likahamia kwake. Wabebaji walikuwa wanane, kwa zamu mbili. Wawili mikataba yao haikuendelezwa. Mmoja aliumia mgongo na sasa anatembelea fimbo. Wawili walipata kazi kwenye ghala, ambako wanasema mizigo haiwaiti kwa majina. Wamebaki watatu, na safari kwa siku ni tano hadi saba, za wanawake wa kujifungua tu. Mshahara wa Lifti unaisha tarehe kumi na nane, kama ulivyokuwa ukiisha alipokuwa anakaa kwenye kiti.

Mlango wa pili kutoka wodi ya wazazi, hapohapo chini, kuna stoo iliyojaa vitanda vibovu. Lifti ameipima kwa kamba. Upana unatosha, mlango unatosha, dirisha lipo. Mkunga mkuu wa wodi anakubaliana naye kwamba ikisafishwa inaweza kuwa chumba cha upasuaji wa dharura.

Katibu wa hospitali anasikiliza hoja hiyo kwa upole, mikono juu ya meza. Anasema stoo inahitaji vigae, sinki na mabomba ya hewa ya oksijeni, na haimo kwenye mpango wa mwaka huu. Kuhusu lifti, kifaa kimeshaagizwa.

"Kiko njiani," anasema.

Mkunga mkuu, alipofikishiwa jibu hilo, ameuliza swali moja tu: "Kinakuja kwa miguu?"

*

Habari ya kona ya tano Lifti hataki kuisimulia. Anaisimulia Bondia, na anasubiri kwanza mwenzake aende msalani.

Ulikuwa mwezi wa tano tangu lifti ife. Mama waliyembeba alikuwa muuza nyanya, mcheshi, mdomo mwepesi, damu inamtoka lakini maneno hayamwishi. Kila kituo alikijibu. Sokoni akasema waangalie meza yake kama ipo. Posta akasema anasubiri barua. Wakati huo kona ya tano ilikuwa na jina. Ilikuwa inaitwa Nyumbani.

"Mzee akaita, 'Nyumbani!'" anasema Bondia. "Kimya. Mimi niko mbele, sioni. Nikasikia Mzee anaita tena, taratibu, kama unavyomwamsha mtu. 'Mama, tumefika nyumbani.' Halafu akaniambia kimbia. Tulikimbia. Daktari alitukuta mlangoni ameshavaa glavu. Akamgusa shingoni, akazivua."

Shati la Lifti lililowa kifuani kwa damu iliyopita kwenye turubai. Alilifua mwenyewe, na bado analivaa. Tangu siku hiyo jina hilo hajalitaja ngazini.

*

Binti yake wa kwanza ana miaka ishirini na sita. Lifti humwita "mama," kwa sababu amebeba jina la mama yake mzazi. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani, kwa hiyo mimba hii anailea kwa wazazi wake.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, miaka minne iliyopita, na aliyebonyeza namba tatu siku hiyo ni babu mwenyewe. Walitumia sekunde ishirini na mbili kufika. Anazikumbuka.

Kwa kuwa ana kovu la upasuaji, safari hii anatakiwa kupangiwa siku, apande mapema kwa miguu yake kabla uchungu haujaanza. Upasuaji wa kupangwa hufanyika Jumanne. Lakini mtaalamu wa dawa ya usingizi ni mmoja tu hospitali nzima, na ikitokea dharura orodha inakatwa. Binti ameahirishwa mara mbili. Uchungu ukimkuta kabla ya siku yake, na kovu likaachia, atapanda kwenye turubai.

Ndipo lilipokuja gunia.

Lipo chini ya ngazi, limefunikwa kwa mfuko wa nailoni. Ni magunia mawili ya saruji yaliyoshonwa pamoja, yamejazwa mchanga uliobaki ukuta wa nyuma ulipojengwa. Lifti alilipima kwenye mizani ya chumba cha kufulia: kilo sabini na tisa, uzito wa binti yake kwenye kadi ya kliniki. Kila siku saa tisa mchana, wodi zikitulia, yeye na Bondia wanaliweka kwenye machela na kulipandisha ghorofa ya tatu. Karani wa dirisha la dawa anasimama chini na simu yake kuhesabu muda.

Siku ya kwanza walitumia dakika sita na sekunde ishirini. Baada ya wiki tatu wamefika dakika tano na sekunde tano. Anataka nne.

"Mwanzoni tulicheka," anasema karani. "Tulimuuliza, 'Lifti, mchumba wako mbona hana miguu?' Akatujibu huyo ni mwanangu. Sijamtania tena."

*

Ijumaa binti anakuja kliniki. Ni mrefu kuliko baba yake, uso umemchongoka, tumbo limetangulia. Mkunga mkuu anampandisha kwenye mizani, anasoma, anamshusha, anampandisha tena. Kisha anafungua kadi.

"Wiki tatu zilizopita sabini na tisa. Wiki iliyopita sabini na nane. Leo sabini na sita. Mimba inakwenda mwezi wa tisa wewe unapungua? Unaumwa?"

"Hapana, Sista."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini, hebu nitajie."

Binti anatazama sakafu. "Asubuhi chai. Jioni kidogo."

"Kidogo kwa nini? Nyumbani hakuna chakula?"

Baba ameitwa, yuko mlangoni, kofia mkononi. "Chakula kipo, Sista. Mama yake anapika, mimi nanunua. Mama, kuna nini? Nani kakuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi."

"Basi sema."

"Baba, mtaa mzima unajua habari za gunia," anasema. "Kisimani naulizwa leo nimepandishwa kwa dakika ngapi. Na majuzi nilikuona unatoka bafuni umeshika ukuta. Nikasema kama ni kilo zangu, basi nizipunguze."

Lifti anaanza kucheka. Kicheko kinafika nusu, kinakatika.

"Nani kakwambia unanilemea?"

"Goti lako."

Mkunga mkuu anaifunga kadi, anageukia dirishani. Amefanya kazi wodini miaka ishirini na miwili.

"Nimeona wanawake wanaoshinda njaa kwa sababu hakuna chakula," anasema bila kugeuka. "Huyu anajinyima kwa sababu hakuna lifti. Nimwandikie dawa gani?"

Anaandika hata hivyo: sahani moja kutoka jiko la wodi, iliwe hapahapa, mbele ya macho yake.

*

Saa nane na nusu orodha ya Jumanne inabandikwa ukutani. Bondia anaisoma kwa kidole. Jina la binti ni la tano. Wiki hizi tatu wamefanyiwa upasuaji watatu watatu, na mara moja wanne.

Lifti anaisoma mwenyewe, kisha anaisoma tena toka chini kwenda juu, kama vile jina litapanda.

Ombi lake, anasema, si kubwa. Mwakani anataka kuiona ile stoo imetolewa vitanda, hata kama lifti haiji. Lakini hilo ni la mwakani.

"Jumanne nataka apande mwenyewe. Taratibu, akichoka akae. Mimi nimfuate nyuma mikono mitupu. Sibebi kitu. Labda kandambili zake."

"Na wakiishia watatu?" anauliza Bondia.

Lifti anainama chini ya ngazi, anatoa mfuko wa nailoni, anafungua mdomo wa gunia. Pembeni ana ndoo ya mchanga na kopo tupu la maziwa.

"Mzee, sasa ana sabini na sita," anasema Bondia. "Si tunapaswa kupunguza?"

"Ongeza."

"Hadi ngapi?"

"Themanini na mbili. Atakula." Anamimina kopo la kwanza, la pili, la tatu. Anagonga gunia ubavuni mchanga ukae. "Nataka aje mzito. Mtoto aje mzito. Sisi tutajua la kufanya."

Wanalifunga, wanalilaza kwenye turubai. Karani anatoa simu yake. Lifti anashika nyuma.

Kwenye benchi nje ya wodi, binti ana sahani ya wali na maharage mapajani na mkunga mkuu amemsimamia. Kutoka ngazini sauti ya baba yake inashuka.

"Sokoni!"

Binti anameza.

"Posta! ... Shuleni!" Sauti inazidi kuwa mbali, na kati ya jina na jina kuna kuhema. "Benki!"

Kijiko kinasimama hewani. Juu huko kuna kona moja imebaki. Haisikiki sauti ya mtu, ni viatu tu kwenye saruji, na binti anavihesabu vipandio kwa midomo bila kutoa sauti, hadi kumi na kimoja.

Kisha kinasikika kishindo kizito cha gunia likitua sakafuni, ghorofa ya tatu.

"Tano na sekunde arobaini!" anapaza sauti karani.

Binti anaitazama sahani. Anachota kijiko, anakijaza, anakula.