Msalaba Usio na Mashahidi

Siku ya kwanza kazini, ofisi ya ardhi Njombe, nilivaa tai. Mpima Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akacheka. "Mlowe, hiyo tai kafungie mbuzi. Beba miguu mitatu, twende." Miguu mitatu ni stendi ya theodolaiti, darubini ndogo ya kupimia pembe, na ilikuwa nzito kama dhambi. Hivyo ndivyo nilivyoanza upimaji ardhi: kubeba, kushika na kunyamaza.

Ninyi wapimaji wa sasa mnabonyeza kidude, setilaiti inawaambia mlipo. Sisi tuliitafuta kaskazini wenyewe. Nilipohamishiwa Makambako kupima viwanja, adui alikuwa upepo. Tulifunga mawe kwenye miguu mitatu isitikisike. Ludewa adui alikuwa dira yenyewe. Vilima vya kule vina chuma ardhini, basi sindano inayumba kama mtu aliyekunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa hiyo tukienda Mlangali au Mawengi tulisubiri giza, tukaziuliza nyota. Unailenga nyota unayoijua, unasoma pembe, unaandika saa kamili, na hesabu inakupa kaskazini.

Nyota yetu ilikuwa ile ya chini kwenye Msalaba wa Kusini. Hapo pana mtego, maana angani iko misalaba miwili. Wa uongo ni mkubwa kidogo, umefifia kidogo, nao hutangulia kuchomoza. Mpima Mkuu hakuchoka kutuambia, "Msalaba wa kweli una mashahidi wawili," yaani zile nyota mbili kali zinazoufuata nyuma. "Usipowaona mashahidi, usiandike."

Mimi niliandika.

Ilikuwa Mawengi, mwezi wa tano, baridi ya kukata masikio. Mpima Mkuu alikuwa na homa, amelala hemani, akaniachia kazi peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Kosa moja kubwa tu, ningerudishwa nyumbani kulima viazi. Ukungu ulifunika kusini mashariki. Nikaona msalaba, nikalenga, nikajaza ukurasa mzima kwa wino, nikajisifu. Nusu saa baadaye ukungu ukaondoka. Mashahidi hao, wawili, wanang'aa, nyuma ya msalaba mwingine kabisa!

Loh! Kitabu cha vipimo hakifutwi, na kurasa zake zina namba. Ningeuchana ukurasa, namba ingenisuta. Ningeuacha, asubuhi tungepigilia vigingi katikati ya shamba la mama mjane aliyetupikia ugali jioni ile. Nikaingia hemani na kitabu mkononi.

"Mzee, nimepima msalaba wa uongo."

Aliinuka kwa kiwiko, nikidhani ndiyo mwisho wangu. "Kata mstari mmoja," akasema, "kosa lisomeke. Weka sahihi. Kisha nipe blanketi, tukapime upya." Akasimama nje na homa yake, akinimulikia tochi mpaka nikamaliza. Hakulitaja tena kosa lile, si kwangu, si kwa wakubwa wa mkoa. Nilimpenda mzee yule tangu usiku huo, wala sioni haya kusema.

Sasa sote ni wastaafu. Mwezi wa tano uliopita alinipigia simu Mwalimu Tumaini, binti anayefundisha fizikia Makambako. Yeye na wenzake wana darubini, na raha yao ni kutazama nyota. Walikuwa wanakwenda Ipelele, juu kwenye mashamba ya pareto, mahali pasipo na taa hata moja, wakanialika. Nikamwambia tutapitia nyumba moja, maana Ipelele ndiko kwao Mpima Mkuu.

Amevuka themanini, na mtoto wa jicho amemwandama. Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda kupasuliwa. "Kamwene, Mlowe," alinipokea, akinitambua kwa sauti. "Nipelekeni. Niuone Msalaba kabla hawajanigusa macho. Mambo yakiharibika, niwe nimeuaga."

Tukamkalisha kitini na blanketi mbili. Mwalimu Tumaini akamkaribisha kwenye darubini. "Ya nini hiyo? Nautafuta mwenyewe!" Akageuza kichwa huku na huku, mbingu imejaa pomoni, kisha akanyoosha fimbo. "Ule pale!" Uso wake wote ulicheka. Walimu wakapiga makofi.

Ulikuwa wa uongo.

Tumaini naye aliona. Akaninong'oneza, "Babu, tumwache tu. Amefurahi." Nakiri, nilitaka kumwacha. Nani amkosoe mzee wake mbele ya watoto? Lakini jamani, mtu akija kuaga, aage aliyemjia. Nikachuchumaa kando ya kiti.

"Mzee, huo hauna mashahidi."

Fimbo ikabaki hewani. Nilijuta, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mlowe wewe! Kata mstari mmoja."

Nikaushika mkono wake, umekuwa mwepesi siku hizi, nikausogeza polepole kushoto hadi fimbo ikaielekea nyota ya chini.

"Huo hapo."

"Naam. Naam, huo." Akautazama muda mrefu, machozi yakimtoka, akayaacha. "Na mashahidi?"

"Wako nyuma yake."

Akakaza macho. "Namwona mmoja tu."

"Wa pili namwona mimi, Mzee."

Akanibana mkono. "Basi, andika."

Nimeandika, na sahihi nimeweka.