Siwema na Perege wa Kilindini

Siwema binti Shaweji alizaliwa Tungue, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, katika nyumba ya wavuvi isiyojaliwa mtoto wa kiume. Baba yake hakulalama. Alimtia bintiye mshipi mkononi angali mdogo, akamfunza kukisikia kwa ncha ya kidole kile ambacho jicho halikioni. Watu walisema, "Mwanamke na mshipi wapi na wapi!" Siwema akawacheka, akavua. Alipoolewa na Assane, mfanyabiashara wa kuvuka Ruvuma, mshipi hakuuacha. Na vita vilipoufunga mto, Assane akiwa ng'ambo ya pili, mshipi huohuo ndio uliomlisha.

Halafu askari wa Kireno wakaja kuwaswaga watu wa pwani waingie kijiji kilichozungushiwa waya. Kwenda baharini kwa ruhusa, kurudi kwa kupekuliwa. Siwema hakungoja zamu yake. Alimchukua mdogo wake Chamima, aliyekuwa mjamzito, wakashika njia ya bara hadi kwenye ziwa moja katikati ya msitu. Hapo watu wengine waliokimbia walikuwa wamejenga vibanda chini ya miti, wakilindwa na wapiganaji wa Frelimo waliokuwa wakipigania uhuru wa nchi.

Miezi ya joto ziwa lile lilikuwa ghala. Perege walijaa kwenye matete, na mzee Mshamu, mwenye mtumbwi pekee pale kambini, alikuwa akitega madema yake jioni, asubuhi anayakuta yamejaa. Kipupwe kilipoingia, maji yakawa baridi ya kung'ata mifupa, samaki wakatoweka. Madema yakawa yanatoka na konokono. Muhogo nao ulikuwa umechomwa shambani na ndege za Wareno. Watu wakageukia ming'oko, vile viazi vya porini, wakaenda kuchimba mbali zaidi kila kukicha. Chamima alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike, na maziwa yalianza kumkauka.

Abudo, kamanda wa kambi, akawakusanya watu.

"Hali ikiendelea hivi, tutavuka Ruvuma," alisema. "Wenye nguvu watatembea."

"Na wasio na nguvu?" Siwema akauliza.

Abudo akainamisha uso. Hakuwa mtu katili.

Asubuhi moja Siwema alikwenda kuteka maji. Ukungu ulikuwa ukipasuka, na katikati ya ziwa, pale zilipochomoza ncha za miti iliyozama zamani, akamwona mnandi. Yule ndege mweusi alipiga mbizi, akakaa chini muda mrefu, akaibuka na samaki anayemetameta mdomoni. Akammeza, akazama tena palepale. Siwema akauacha mtungi ufukweni, akaenda mbio kwa Mshamu.

"Mzee, samaki hawajahama. Wameshuka kilindini, kwenye miti iliyozama."

"Kule ni peupe, mwanangu. Ndege ya Mreno ikipita, tumekwisha."

"Ndege haioni ndani ya ukungu. Tutoke alfajiri, turudi kabla haujainuka."

Mshamu akakuna kidevu. "Mtumbwi wangu simpi mtu," alisema mwishowe. "Nitakupeleka mwenyewe."

Kesho yake walipenya ukungu, Mshamu akipiga kafi taratibu bila kishindo. Siwema aliweka nyungunyungu kwenye ndoana, akashusha mshipi hadi chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, ikagusa tawi chini kabisa, akaupandisha kidogo. Akangoja. Vidole vikamfa ganzi. Hakuna aliyeshtua mshipi. Alipouvuta, ndoana ilikuwa tupu.

"Chambo kimeanguka," Mshamu akasema.

"Hakikuanguka, mzee. Kimeliwa." Alikuwa tayari anatia chambo kingine. "Wapo! Baridi imewalegeza tu. Hawavuti, wanafyonza."

Akashusha tena. Safari hii hakungoja kushtuliwa. Alifumba macho, akausikiliza uzito wa chubwi kidoleni. Ghafla uzito ukapotea, mshipi ukawa mwepesi kama uzi uliokatika. Kuna aliyekiinua chambo kutoka chini. Siwema akavuta. Mshipi ukakakamaa, ukazunguka, na perege mpana kama sahani akatua ndani ya mtumbwi akipigapiga mkia.

"Allahu akbar!" Mshamu akanong'ona.

Akaja wa pili, na mwingine, na mwingine. Mshamu akaacha kafi, akaomba mshipi. Walizama katika uvuvi hata wasione kwamba ukungu umeanza kuchanika. Ndipo wakasikia mngurumo upande wa pwani.

"Kwenye miti!" Siwema akasema. Wakausukuma mtumbwi katikati ya matawi yaliyokufa, wakajifunika majani makavu ya matete waliyokuwa wameyakalia, wakalala juu ya samaki. Ndege ikapita chini sana, kivuli chake kikakata ziwa. Samaki mmoja alimpiga Siwema shavuni, hakuthubutu kumtoa. Mngurumo ukafifia kuelekea Ruvuma. Mshamu alikuwa wa kwanza kucheka. Wakacheka wote wawili hadi mtumbwi ukatikisika.

Walipofika ufukweni, wanawake walipiga vigelegele huku wameziba midomo kwa viganja, maana kelele zilikatazwa. Chamima alikunywa mchuzi wa moto, kesho yake akanywa tena, na kabla wiki haijaisha mtoto alikuwa akinyonya hadi anasinzia. Habari ya kuvuka mto hakuna aliyeitaja tena.

Siwema hakuishia hapo. "Kama wanapenda miti iliyozama," aliwaambia wanawake, "tuwazamishie miti." Wakakata matawi, wakayafunga mawe, wakayatosa kwenye maji marefu chini ya ukingo wenye kivuli, ambako jicho la rubani halifiki. Mshamu aliwabeba kwa mtumbwi akilalamika mgongo, lakini hakukosa hata siku moja. Samaki wakahamia. Wanawake wakavua wakiwa wamekaa ukingoni, kila mmoja na mshipi wake, kidole kikisikiliza.

Ziada waliibanika juu ya vichaga, moshi ukijificha ndani ya ukungu wa asubuhi. Mwishoni mwa kipupwe Abudo alikuja na ombi: wapiganaji waliokuwa mbele, karibu na njia ya Palma huko pwani, walikuwa wanashindia mizizi.

"Kamarada Siwema, utaweza kutupatia mzigo?"

"Mizigo," Siwema akamsahihisha.

Msafara ulipoondoka, wanawake walijipanga na vikapu vya samaki waliokauka vikiwa vichwani, mashavu yao yamejaa tena. Chamima alikuwa kati yao, mtoto mgongoni. Siwema alitangulia mbele ya wote, kikapu chake hakukishika kwa mkono, akashika njia ya kurudi upande wa pwani.