Kibaraza cha Mama Atuganile

Kwa miaka saba, mtu aliyepita barabara ya maduka pale Ibighi, Tukuyu, kuanzia njia panda ya sokoni mpaka kwenye zahanati, alikuwa akisoma mwandiko wa mtu mmoja. Duka la dawa baridi, saluni, mashine ya kusaga, fundi redio, mgahawa uliojiita hoteli, hata kile kibao cha kuwakataza watu kukojoa nyuma ya baa, vyote viliandikwa na Nsajigwa. Hakuwa amesomea kazi hiyo. Aliiokota kwenye kiwanda cha chai, alikokuwa akipaka namba na majina kwenye masanduku kabla hayajapakiwa kwenye lori. Mwanzoni alitumia bati lililotobolewa herufi. Bati lilipochakaa akaanza kuandika kwa mkono, na kwa muda mrefu msimamizi wake hakugundua kwamba bati halitumiki tena.

Mwaka themanini na tisa kiwanda kilipunguza watu. Karatasi ya majina ilibandikwa mlangoni asubuhi, na jina lake lilikuwa la nne. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ana mke, Hellen, na mtoto wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Alishuka Tukuyu na brashi mbili ndani ya koti, akaanza kupita duka kwa duka akiuliza kama kuna mtu anataka kuandikiwa. Siku ya tatu mvua ilimkamata Ibighi, akajibanza kwenye kibaraza cha Mama Atuganile.

Mama huyu alikuwa mjane. Marehemu mumewe, dereva wa lori, alimwachia nyumba ya matofali mabichi iliyotazamana na barabara. Mbele ya nyumba bati lilikuwa limevutwa nje ya ukuta na kuegemezwa kwenye nguzo nne za mti wa mlingoti, na chini yake mama aliuza chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha na maharage. Upande mmoja alikaa Geresoni, fundi viatu. Upande wa pili ulikuwa wazi, kwa kuwa mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa hapo alikuwa ameolewa Kiwira. Mama Atuganile alimtazama yule mtu aliyelowa, akaona brashi zikichungulia kwenye koti, akamuuliza anaandika nini. Nsajigwa akasema anaandika chochote.

"Basi kaa pale," mama akasema. "Ila rangi zako zisininukie kwenye chai."

Hakuwahi kumdai kodi. Nsajigwa alijifunza kuangalia upepo unatoka wapi kabla ya kufungua mkebe.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipoachiwa. Duka la ushirika, ambalo watu walizoea kulipangia foleni ya sabuni, lilifungwa, na mahali pake pakaota maduka kama uyoga baada ya mvua. Mitumba ikaja, redio kaseti zikaja, saluni ya kwanza ikafunguliwa na binti aliyetoka Mbeya. Kila aliyefungua mlango alitaka jina juu yake, na jina alilifuata pale kibarazani. Nsajigwa aliwaketisha, akawaagizia chai kwa mama, akawauliza wanataka herufi za kulala au za kusimama. Wengine hawakujua kusoma. Hao aliwasomea jina lao mara mbili, polepole, wakiifuata brashi kwa macho.

Kitu kimoja tu kilimkera. Barabara yenyewe ilikuwa mbovu. Mfereji ulikuwa umeziba na kunuka, na masika lori likipita lilirusha tope jeusi mpaka kwenye mabango, hivyo kila mwaka mvua zikikatika alikuwa akianza upya kupaka kile alichokipaka mwaka jana. Alizoea kumwambia Geresoni kwamba anatamani, kabla hajazeeka, aone barabara ile ikiwa na sura ya mji.

Kwa hiyo mwaka tisini na sita, wenye maduka walipoitwa shule ya msingi kusikia habari za mradi wa barabara, Nsajigwa alikaa mstari wa mbele. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Msimamizi wa mradi, kijana aitwaye Wilson, alibandika ubaoni mchoro uliopakwa rangi. Ilikuwa barabara yao, wakaitambua kwa kona yake, lakini ilikuwa na mifereji ya mawe pande zote mbili, njia ya waenda kwa miguu iliyosakafiwa, miti kila baada ya hatua kumi, na maduka yote yamepakwa rangi moja na kuwekewa mabango ya kimo kimoja. Watu walipiga makofi. Nsajigwa alipiga kwa moyo wake wote.

Baada ya mkutano Wilson alimwita pembeni. Mradi ulihitaji mtu wa kuweka alama nyekundu kwenye kila kitu kilichoingia ndani ya mita saba na nusu kutoka katikati ya barabara. Baadaye, kazi ikiisha, kungekuwa na mabango yote ya kuandika upya, na mtu wa kuyaandika ni nani kama si yeye? Waliowekewa alama wasihofu, Wilson alisema. Wangejengewa vibanda nyuma ya soko kabla ya kitu chochote kubomolewa.

Nsajigwa alizibeba habari hizo na kuzigawa mlango kwa mlango. Wazee wa pale hawakuamini sana Kiswahili cha kwenye karatasi, kwa hiyo aliwaeleza kwa Kinyakyusa, akiwa amechuchumaa karibu nao kama mtoto wa nyumbani. Wakamwamini. Mama Atuganile naye alimwamini, tena alifurahi. Alisema amechoka kuchota tope mlangoni kwa jembe.

Siku ya kupima, Wilson alishika mwanzo wa tepu na Nsajigwa mwisho wake. Walipofika kwa Mama Atuganile, nguzo mbili za mbele zilikuwa zimeingia ndani ya mpaka kwa shubiri moja tu. Mama alikuwa ndani akichambua maharage. Nsajigwa alisema kwa sauti ya chini kwamba shubiri si kitu, nguzo zingeweza kurudishwa nyuma na bati likakatwa kidogo, kibaraza kikabaki.

Wilson hakukasirika. Alizungusha tepu yake taratibu.

"Kaka, wewe unafanyia kazi wapi?"

"Hapa."

"Basi. Nikikiacha hiki, kesho kila mtu ataniuliza kwa nini kibaraza cha fundi mabango kimepona. Nimjibu nini?"

Nsajigwa aliachia mwisho wa tepu. Miaka mingi baadaye alimwambia mkewe kwamba jibu alikuwa nalo, ila aliogopa kwamba likimtoka mdomoni, mabango mapya nayo yangemtoka mkononi.

Kwa siku nne alipaka alama kwa wengine wote na kuiruka nyumba ile. Kila asubuhi alisema leo nitamwambia, na kila asubuhi mama alimletea chai akimuuliza habari za Hellen na watoto, naye akajibu hayo tu. Wilson alipomkumbusha mara ya pili, aliamua. Alingoja Jumapili. Alimwona mama akitoka na kitabu cha nyimbo kifuani, kitenge chake kipya mabegani, akashika njia ya kanisani. Kengele ya pili ilipolia, Nsajigwa alifungua mkebe na kupaka alama kwenye nguzo mbili za mbele, na alama moja ukutani, pale bati lilipotokeza. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kuandika jina la duka.

Angeweza kuondoka, lakini alibaki ameketi upande wake. Mama alirudi na waumini wenzake wawili. Walisimama barabarani. Wale wawili wakaaga haraka. Mama aliitazama nguzo, akautazama ukuta, halafu akaitazama mikono ya Nsajigwa, iliyokuwa bado na wekundu kwenye kucha. Kisha akapita, akaingia ndani. Kesho yake alimletea chai kama kawaida, kwenye kikombe kilekile. Hakumuuliza habari za Hellen, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena.

Kubomoa kulianza Oktoba. Vibanda vya nyuma ya soko vilikuwa nguzo tupu zisizo na paa, na walioulizia waliambiwa vifaa viko njiani. Watu wa mkandarasi waling'oa kibaraza asubuhi moja. Bati lililotokeza nje ya ukuta lilikatwa, na Geresoni alihamisha kisanduku chake mpaka upande wa zahanati bila kuaga mtu. Nsajigwa alibeba mikebe yake kwenda nyumbani. Mitaro ilichimbwa mirefu mbele ya milango, ikaachwa hivyo hivyo ikingoja mawe.

Novemba mvua zikashika. Wenyeji wa Tukuyu wanajua maana yake: mvua inaanza mchana, na jua mtu analisahau. Ule ukuta wa matofali mabichi, ambao kwa miaka ishirini ulikuwa umekingwa na kibaraza, sasa ulipigwa uso kwa uso. Maji ya mtaroni nayo yaliulamba kutoka chini. Mama Atuganile aliegemeza mabati ya zamani na magunia, lakini wiki ya tatu, saa sita mchana, akiwa amekwenda kuchukua maziwa kwa jirani, ukuta wa mbele ulianguka wote mtaroni na jiko na meza ya chai.

Nsajigwa alisikia, akakimbia. Alimkuta mama ameinama kwenye tope akiokota vikombe. Akashuka mtaroni, akaanza kuokota naye. Kila kikombe alichokiokota, mama alikipokea mkononi mwake, akakiweka kwenye beseni, bila kumtazama usoni. Waliokota hivyo mpaka vikaisha. Siku mbili baadaye kaka yake mama, mzee Anosisye, alikuja na gari dogo la kukodi, akampakia yeye na vyombo vyake, wakaenda kwake Igogwe.

Nsajigwa aliendelea kungoja kazi ya mabango. Mradi ulitengeneza upande mmoja wa barabara, kutoka njia panda mpaka kwenye saluni, na hapo ulikuwa mzuri kweli, mifereji imejengwa kwa mawe na njia imesakafiwa. Halafu fedha za wafadhili zikakatika, au zilikwenda kwingine. Hakuna aliyekuja kueleza. Upande wa pili mitaro ilibaki wazi. Miti iliyopandwa ililiwa na mbuzi, isipokuwa mitatu mbele ya baa. Wilson alihamishiwa mkoa mwingine, akaaga kwa adabu. Vibanda vilipoezekwa hatimaye, vilichukuliwa na watu wasiojulikana pale Ibighi.

Mabango nayo yalikuja, ila si ya brashi. Kampuni moja ya soda ilijitolea kumpa kila mwenye duka bango la bati lililochapwa tayari, chupa upande mmoja na jina la duka upande mwingine kwa herufi ndogo. Hata wale waliobaki na mbao zao za zamani hawakumtafuta. Hawakumgombeza. Walimwambia tu, walipokutana naye, "Ulituambia vibanda vipo," wakaendelea na safari. Simon, fundi redio, alipobadili jina la duka lake aliliandika mwenyewe kwa rangi ya dirisha, herufi zikapanda na kushuka, na aliona heri hivyo kuliko kumwita. Hellen alilima viazi na kuviuza, nyumba ikaenda. Kazi iliyompata Nsajigwa miaka ile ilikuwa ya kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Vijana walikuwa wakifa wengi, na mtu aliyefiwa hakuwa na muda wa kuchagua fundi.

Mwaka tisini na tisa dada yake Hellen alilazwa hospitali ya Igogwe, na Nsajigwa alimpelekea chakula. Alipotoka wodini aliulizia kwa mzee Anosisye, akaelekezwa njia ya migombani. Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miaka mitatu.

Mama Atuganile alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi mbichi. Alimkaribisha kwa kigoda, akampa chakula, akamngoja ale kwanza. Kisha akamwacha aseme. Nsajigwa alisema yote: shubiri moja, maneno ya Wilson, mabango aliyoyatamani, Jumapili ile. Aliomba radhi.

"Kibaraza kilikuwa kimeingia barabarani," mama alisema. "Hilo nililijua tangu marehemu anakijenga. Ungeniambia, ningekaa nje nikawatazama wakikibomoa."

"Nilishindwa, mama."

"Ulingoja niende kusali." Aliendelea kumenya. "Siku ile nilitoa sadaka ya shukrani. Mchungaji akauliza ya nini. Nikasema, kwa ajili ya barabara yetu, na kwa mwanangu anayeitengeneza."

Nsajigwa aliinamisha kichwa.

"Nimekusamehe zamani," mama akasema. "Nilisamehe mapema ili nisiwe nakufikiria. Lakini usiwe unakuja, mwanangu. Ukija nitaanza kufikiria tena."

Alimsindikiza mpaka kijito kinachotenga shamba na njia ya hospitali, kama mgeni anavyosindikizwa, akamwambia ndaga, asante, kwa kuja, akageuka.

Nyumbani Nsajigwa alimwambia Hellen kwamba mama ni mzima na migomba yake imestawi. Hellen akauliza kama wamepatana. Akasema ndiyo. Miaka miwili baadaye habari zilifika kwamba Mama Atuganile ni mgonjwa, hainuki. Hellen alifunga sukari na kanga mpya akaenda, akalala huko wiki nzima akimwogesha na kumlisha. Nsajigwa alibaki Ibighi na watoto, kwa kuwa ndivyo mama alivyomwomba.