Karatasi ya Kiwanja Chetu

Mume wangu alichukua mkopo kwenye koperative, ushirika wa akiba na mikopo hapa Bunia, ili tujenge nyumba yetu ya mtaa wa Nyakasanza, na tulitia sahihi wote wawili. Alirudi nyumbani akicheka. "Riba yetu haitapanda hata siku moja," alisema. Wala haitashuka, lakini hilo hatukulifikiria.

Mwaka uliofuata aliugua njiani akipeleka mzigo Niania, akaletwa nyumbani, akafa. Matanga yalipokwisha niliendelea kulipa kwa maharagwe ninayouza sokoni. Karatasi ya kiwanja, yenye jina lake, ilibaki kama dhamana ndani ya sanduku la chuma la koperative.

Halafu nyumba nyingine ya mikopo ikafunguliwa karibu na soko, na riba yake ilikuwa karibu nusu ya ile yangu. Nilikwenda koperative kumwomba karani anipunguzie.

"Mama, mukataba weye ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi unatafuta nini hapa?"

"Kama hamupunguzi, nahama. Wale wa karibu na soko watanilipia deni hili."

Alimwita mwenzake. "Kuja uone! Mama ya madesu anataka kuhama!" Walinicheka wote wawili, mimi na maharagwe yangu. Kisha akanionyesha kwa kidole mstari wa mwisho: anayelipa deni lote kabla ya wakati hutozwa faini. Nilipiga hesabu palepale. Hata baada ya faini, kuhama kulinifaa. Nilimwambia hivyo, akaacha kucheka.

Kule kwenye nyumba mpya ya mikopo, msichana wa mezani aliniuliza mwenye kiwanja ni nani.

"Mume wangu. Amekufa."

Aliweka kalamu chini. Alitaka barua ya baraza la jamaa, yenye sahihi ya mkubwa wa ukoo wa marehemu. Kisha akainamisha kichwa. "Ao uweke tu sinyatiri ya bwana yako, Mama, sahihi yake. Mutu wa kufa hawezi kuja kuuliza."

"Alipokata roho nilimfunga kidevu kwa mikono hii," nilimjibu. "Siwezi kuandika kwamba yuko hai."

Mkubwa wa ukoo ni kaka wa mume wangu, mkulima wa Bogoro. Siku ya matanga alihesabu mabati ya nyumba yangu kabla hajamaliza chai. Nilijua hayo, na bado nilikwenda kwake. Hilo ni kosa langu mwenyewe.

"Nitasinya, shemeji," alisema. "Lakini jina yangu iandikwe ya kwanza ku karatasi ya kiwanja."

"Kwa nini? Hukununua hata tofali moja."

"Na weye? Ulikuja kwetu na nini? Sufuria moja!"

"Sufuria hiyo ndiyo iliyokupikia siku ya matanga. Ulirudia mara tatu."

Mke wake aliyekuwa akimenya mihogo aliziba mdomo kwa kitenge. Shemeji akasimama. "Ngoja. Siku karatasi itatoka mule koperative, miye nitakuwa ku mulango. Tutaona nani ataishika."

Nilirudi Bunia nyuma ya pikipiki huku nikiyarudia maneno yake. Mpaka siku hiyo nililichukia lile sanduku la chuma. Sasa nikaona kwamba mradi nina deni, hawezi kuigusa karatasi ile. Nikihama, itatoka sandukuni ipelekwe kule kwingine, na ikitoka, naye yupo mlangoni. Nikaiacha riba ya nusu.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea karani pesa yake.

"Kumbe hukuhama?"

"Hesabu pesa. Kisha unionyeshe karatasi yangu."

Alinuna, lakini alifungua sanduku. Niliona jina la mume wangu, nikaondoka bila kuaga. Nafanya hivyo kila mwezi. Ananichukia, nami sijamsamehe kicheko chake.

Imebaki miaka minne ya kulipa. Juzi shemeji alifika sokoni, akasimama mbele ya maharagwe yangu bila kununua, akauliza mkopo unaisha lini. Sikujifunza kudanganya, hata mbele ya mtu kama huyo. Nilimtajia mwezi na mwaka, naye akaviandika kwenye kiganja chake.